Jino la shingo linalokandamiza shina la ubongo: apasuliwe mbele au nyuma?

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga. Nimelifupisha:

"Shikamoo daktari. Dada yangu ana miaka 34, ni fundi cherehani. Kwa miaka miwili sasa mikono inakufa ganzi, sindano inamponyoka, akitembea anayumba. Mwaka huu ameanza kupaliwa na maji na sauti imehamia puani. Ametibiwa mishipa, akapewa vitamini na dawa za maumivu, mpaka alipofanyiwa MRI. Ripoti inasema jino la pingili ya pili ya shingo limepanda milimita 11 juu ya mstari wa Chamberlain na linakandamiza shina la ubongo, ubongo mdogo umeshuka milimita 7, na kuna maji ndani ya uti wa mgongo. Daktari wa kwanza anataka kupanua tundu la kisogoni. Wa pili anasema mfupa uondolewe kwa kupitia mdomoni. Wa tatu anasema jino lisiguswe, afungwe skrubu kwa nyuma tu. Familia imegawanyika, na shangazi anataka kwanza akakandwe shingo. Tumfuate nani? Na tukisubiri, itakuwaje?"

Marahaba ndugu yangu, na poleni sana kwa kuuguza.

Naanza na la shangazi, kwa kuwa ndilo lisiloweza kungoja hata kesho. Dada asikandwe shingo, asivutwe kichwa, asipinduliwe shingo mpaka ialike, na mtu yeyote yule, awe mkandaji wa mtaani au mtu mwenye cheti ukutani. Mfupa uliokwisha kuingia ndani ya fuvu haurudishwi kwa mikono, na msukumo mmoja wa ghafla unaweza kumwacha amepooza viungo vyote vinne au kusimamisha pumzi yake. Mwelezeni shangazi kwa heshima, maana nia yake ni njema, lakini msilegeze hapo. Na kuna hatari ndogondogo ambazo watu hawazifikirii: saluni wanapomlaza kichwa nyuma kwenye beseni la kuoshea nywele, saa nyingi za kusukwa kichwa kikiwa kimeinamishwa, na ndoo ya maji kichwani. Vyote hivyo aviache kuanzia leo.

Sasa tuangalie kinachoendelea ndani. Kichwa kimekaa juu ya pingili ya kwanza ya shingo, ambayo ni pete ya mfupa. Pingili ya pili ina mfupa uliosimama wima kama kidole, ndio huo tunaouita jino, nao huingia kwenye pete hiyo kwa upande wa mbele. Hapo ndipo kichwa kinapogeukia kushoto na kulia. Nyuma yake tu, milimita chache, hupita shina la ubongo likishuka kuwa uti wa mgongo, kupitia tundu kubwa lililoko chini ya fuvu. Kwa mtu mzima tundu hilo lina urefu wa karibu milimita 35 kutoka mbele hadi nyuma, na ndani yake vinapita vyote: njia za nguvu za mikono na miguu, njia za hisia, na jirani kabisa zipo sehemu zinazoongoza kumeza, sauti na kupumua. Ndiyo maana dalili za dada yako zinaonekana kama magonjwa manne tofauti, na ndiyo maana alizungushwa miaka miwili.

Mstari wa Chamberlain mliouona kwenye ripoti unachorwa kutoka mwisho wa kaakaa gumu hadi ukingo wa nyuma wa tundu lile. Daktari Mmarekani mwenye jina hilo aliueleza mwaka 1939, wakati kulikuwa na eksirei peke yake. Ncha ya jino ikivuka mstari huo kwa zaidi ya milimita 5, tunasema wazi kwamba jino limeingia fuvuni. Milimita 11 si jambo la kubishania. Lakini hata hiyo 11 kwangu si namba ya mwisho. Kinachonipa wasiwasi zaidi ni kupaliwa na sauti kubadilika, kwa sababu dalili hizo zinaonesha kwamba shina lenyewe limeanza kulemewa.

Kwa nini limpate sasa, na si utotoni? Mara nyingi mtu huzaliwa na kasoro, kwa mfano pingili ya kwanza iliyoungana na fuvu, na viungo vya pembeni vilivyolala mshazari badala ya kukaa sawa. Kano huvumilia miaka ishirini au thelathini, kisha pingili huanza kuteleza kidogokidogo. Angalieni picha zake za zamani: shingo fupi, nywele za kisogoni zinazoanza chini sana, au kichwa kilichoinama upande mmoja, vitawaonesha kwamba jambo hili ni la siku nyingi. Hata hivyo, madaktari wenu lazima waondoe mashaka kuhusu baridi yabisi ya viungo inayokula kano za hapo, na kuhusu kifua kikuu cha mifupa. Kifua kikuu mahali hapo si cha kawaida, lakini katika nchi zetu hatuwezi kukisahau, na tiba yake ni tofauti: dawa kwa miezi mingi huku shingo ikiwa imetulizwa, na wengi hawahitaji kupasuliwa kabisa. Kama dada amekonda, ana homa za jioni au jasho la usiku, semeni kabla ya yote.

Nije kwenye kiini. Mmeniuliza mumfuate nani kati ya watatu. Swali hilo halijibiki mpaka yajibiwe mawili yaliyo chini yake: kinachokandamiza kinatokea upande gani, na je, kinaweza kurudishwa mahali pake? Arnold Menezes wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alijenga utaratibu wake wa tiba juu ya mambo hayo tangu mwaka 1980. Mgonjwa alifungiwa kichwa kwenye uzito wa kilo chache, akavutwa taratibu akiwa macho, huku picha zikipigwa. Jino likishuka, hakuna haja ya kulikata. Unalishikilia hapohapo kwa nyuma. Likigoma, na linakandamiza kwa mbele, unaliondoa kwa mbele, kisha unafunga shingo. Vifaa vimebadilika sana tangu wakati ule, lakini mantiki hiyo mimi bado naitumia kwa kila mgonjwa. Na uvutaji huu hauna uhusiano wowote na ule wa shangazi. Unafanyika hospitalini, gramu kwa gramu, mishipa ya fahamu ikiangaliwa kila hatua.

Daktari wa kwanza anataka kuondoa kipande cha mfupa wa kisogo na upinde wa nyuma wa pingili ya kwanza, kisha kushona kiraka kwenye utando wa ubongo ili nafasi iongezeke. Ni upasuaji mzuri, na tunaufanya mara kwa mara, kwa mgonjwa ambaye ubongo mdogo umeshuka ilhali jino liko mahali pake. Hali hiyo ndiyo Hans Chiari aliyoieleza huko Prague mwaka 1891, na ripoti nyingi huiita kwa jina lake. Nadhani daktari huyo ameangalia milimita 7 za ubongo mdogo na maji ndani ya uti, akaona ugonjwa wa Chiari. Lakini kwa dada yako jino limejaza nafasi, na ubongo mdogo umesukumwa chini kwa kukosa pa kukaa. Ukifungua nyuma na kuacha jino likiendelea kusukuma mbele, anaweza kupata nafuu ya miezi kadhaa, kisha akarudi akiwa na hali mbaya kuliko alivyoanza. Mifupa na misuli iliyokuwa inakishikilia kichwa kwa nyuma itakuwa imeondolewa, kichwa kitazidi kuinamia mbele, na jino litazidi kupanda. Kwa maelezo mliyonipa, upasuaji huo ukiwa peke yake nisingeukubali kwa ndugu yangu.

Daktari wa pili ana hoja ya msingi: adui yuko mbele, mfuate mbele. Njia ya mdomoni ina historia ndefu. Allen Kanavel wa Chicago aliitumia mwaka 1917 kutoa risasi iliyokwama kati ya fuvu na pingili ya kwanza. Mwaka 1962 Fang na Ong wa Hong Kong waliandika kuhusu kutibu pingili hizi kwa njia hiyohiyo. Mgonjwa hufunguliwa kinywa kwa vyuma maalumu, ukuta wa nyuma wa koo unachanwa katikati, na jino linasagwa kwa drili ndogo chini ya darubini mpaka libaki ganda jembamba linaloondolewa kwa uangalifu mkubwa. Shina hupata nafasi papo hapo. Tatizo ni kwamba unafanya kazi kupitia kinywa, mahali penye vijidudu tele, na utando wa ubongo ukitoboka, maji yake yatavujia kooni na homa ya uti wa mgongo inaweza kufuata. Kidonda cha koo huweza kuachia. Kaakaa laini likiumia, vinywaji hurudi puani, na dada yako tayari ana shida ya kumeza. Tena, karibu kila anayeondolewa jino lazima afungwe skrubu kwa nyuma baadaye, kwa sababu nguzo imeondolewa. Hivyo ni upasuaji mara mbili. Tangu mwaka 2005, Amin Kassam na wenzake wa Pittsburgh walipoonesha kwamba jino linaweza kuondolewa kwa kamera nyembamba kupitia puani, sehemu ya matatizo hayo imepungua: kaakaa halichanwi na mgonjwa hula mapema zaidi. Jino likiwa limepanda juu sana, pua inalifikia vizuri. Likiwa chini, mdomo ndio njia.

Daktari wa tatu anafuata mkondo wa Atul Goel, daktari wa upasuaji wa ubongo aliyefanya kazi katika hospitali ya KEM, Mumbai, India. Mwaka 2004 Goel aliandika kwamba jino linapanda kwa sababu viungo vya pembeni kati ya pingili ya kwanza na ya pili vimelegea na kuteleza. Basi badala ya kukata jino, aliingia kwa nyuma, akavifungua viungo hivyo, akavitanua, akaweka vipande vya chuma na mfupa katikati, akakaza kwa skrubu. Pingili ya kwanza inainuka pamoja na fuvu, na jino linabaki chini bila kuguswa. Wengi wetu tuliosomea kazi hii katika enzi ya njia ya mdomoni tulisita, lakini matokeo yamejirudia mikononi mwa madaktari wa nchi nyingi, na leo hii ndiyo tunayoifikiria kwanza kwa mgonjwa wa aina ya dada yako. Baadaye Goel alikwenda mbali zaidi, akasema hata Chiari isiyo na jino lililopanda chanzo chake ni kulegea kwa viungo hivi, na wote wafungwe skrubu. Hapo wenzake wengi hawakubaliani naye, nami ni mmoja wao.

Kwa hiyo, kama CT, yaani picha ya eksirei inayopigwa kwa kompyuta, itaonesha kwamba viungo vya pembeni bado ni viungo, yaani vina nafasi hata kama vimelala mshazari, mimi nipo na daktari wa tatu. Kama itaonesha mfupa ulioungana kuwa kitu kimoja, usiosogea hata kwa uzito, basi wa pili ndiye mwenye haki, na afunge nyuma baada ya kuondoa jino. MRI pekee haiwezi kuamua hilo, kwa sababu inaonesha ubongo vizuri lakini mfupa vibaya. Anahitaji CT ya makutano ya fuvu na shingo iliyokatwa vipande vyembamba, na ya pili yenye dawa ya kuonesha ateri mbili za shingo zinazopanda kwenda kwenye ubongo. Msikubali skrubu kabla ya picha hiyo ya ateri. Kwa watu waliozaliwa na pingili iliyoungana na fuvu, ateri hiyo mara nyingi hupita pasipo kawaida, wakati mwingine juu ya kiungo kilekile kinachotakiwa kufunguliwa.

Mmenidokeza pia hofu ya chumba cha upasuaji, basi niwaeleze kinavyokuwa. Hatari ya kwanza ipo kabla ya kisu. Kwa kawaida daktari wa usingizi humpindua mgonjwa kichwa nyuma ili aweke mpira wa kupumulia. Kwa dada hilo ni mwiko. Atawekewa mpira kwa kamera nyembamba, koo likiwa limepuliziwa dawa ya ganzi, na mara nyingi akiwa bado macho, ili tumwone anachezesha mikono na miguu. Kisha atalazwa kifudifudi, kichwa kimeshikwa na kifaa cha pini. Waya ndogo kichwani na miguuni hupima kila wakati kama umeme wa fahamu unapita, ukipungua, tunasimama. Sehemu ngumu ni kukifikia kiungo chenyewe. Kimefunikwa na mtandao wa veni unaobubujika damu ukiguswa tu, na juu yake umelala mshipa wa fahamu wa kisogo, ambao wakati mwingine lazima ukatwe. Mgonjwa hubaki na ganzi ya ngozi ya kisogo, na wengi huizoea. Gegedu linakwanguliwa, kiungo kinatanuliwa taratibu, kipande cha titaniamu na mfupa uliochukuliwa kwenye nyonga vinaingizwa. Halafu skrubu mbili juu na mbili chini, zikiunganishwa kwa fito. Kama pingili ya kwanza imeungana na fuvu, huenda wakahitaji kupandisha chuma hadi kwenye kisogo. Picha ya eksirei inapigwa palepale mezani, na unaliona jino limeshuka.

Hatari zake sitazificha. Ateri ikikatwa, anaweza kutokwa damu nyingi au kupata kiharusi. Nguvu za mikono na miguu zinaweza kupungua badala ya kuongezeka, hasa kwa aliyechelewa. Maji ya ubongo yanaweza kuvuja, kidonda kuingia vijidudu, skrubu kulegea kabla mfupa haujashika. Siku za mwanzo atakaa chumba cha wagonjwa mahututi, na asipewe hata uji kabla mtaalamu hajampima kumeza. Baadhi hubaki na mpira wa kulishia puani kwa wiki, na wachache hutobolewa koo kwa muda ili wapumue. Mfupa huchukua miezi mitatu hadi sita kushikana. Kama kuna sigara au ugoro, viachwe kabisa, maana nikotini huzuia mfupa kuunga.

Shingo nayo haitakuwa ileile. Karibu nusu ya uwezo wa kugeuza kichwa kushoto na kulia unatokana na kiungo hicho kimoja, nao utapotea. Atageuka na mabega. Chuma kikifika kisogoni, atapoteza pia sehemu ya kuinamisha kichwa, na kwa fundi cherehani hilo ni la maana: meza ya cherehani itabidi iinuliwe, kitambaa kimfuate macho. Kuhusu kupona, lengo la kwanza ni kuzuia kuporomoka. Mwendo na kumeza mara nyingi hupata nafuu kabla ya vidole, na kazi ya kutunga uzi kwenye sindano ndiyo hurudi mwisho, pengine isirudi yote. Maji ndani ya uti mara nyingi hupungua yenyewe shina likipata nafasi, hivyo msikubali kirahisi kuwekewa mrija wa kuyanyonya kama hatua ya kwanza.

Kabla hamjauza kiwanja ili mkamtibu India, pelekeni CD ya picha, si karatasi ya ripoti peke yake, kwa madaktari bingwa wa ubongo na mgongo wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam. Waulizeni bila aibu: umefungua viungo vya pingili ya kwanza na ya pili kwa wagonjwa wangapi, mna kifaa cha kupima mishipa ya fahamu wakati wa upasuaji, kitanda cha mahututi kipo siku hiyo? Daktari anayejua kazi yake hakasiriki kuulizwa. Wakiwashauri kwenda nje, picha zitangulie na majibu yarudi kwa maandishi kabla ya tiketi kukatwa. Msiende nje kutafuta daktari wa nne wa kupingana na hawa watatu.

Na mkisubiri? Ugonjwa huu hauna ratiba. Wengine hukaa mwaka bila kubadilika, wengine huporomoka kwa siku moja baada ya kuanguka bafuni. Kwa aliyeanza kupaliwa, mimi nahesabu wiki, si miezi. Kwa sasa avae kola ngumu anapotoka na anapopanda gari, asipande bodaboda kabisa, na kwenye basi akae siti za mbele, mbali na ekseli ya nyuma. Alale na mto mmoja mwembamba. Anywe akiwa ameketi wima, mafunda madogo. Uji mzito ni salama kuliko maji. Mtu alale chumba kimoja naye amsikilize. Akikoroma halafu akanyamaza sekunde nyingi, akishindwa kumeza mate, akishindwa kukojoa, au mguu ukimgomea ghafla, msingoje miadi: mpelekeni hospitali kubwa usiku huohuo, mkiwa mmemshika kichwa na shingo pamoja kama kitu kimoja.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa ana miaka 34 na huenda akapata ujauzito au akahitaji kupasuliwa kitu kingine: andikeni kwenye kadi yake ya kliniki, kwa wino mwekundu, kwamba jino la shingo limeingia fuvuni na kichwa kisipinduliwe nyuma kwa sababu yoyote. Nakala moja ikae kwenye mkoba wake, na nyingine kwa yule anayelala naye chumbani.